Sura ya Nane: Betri Iliyo Chini ya Kiti

Anayekagua Volkswagen Beetle ya zamani kabla ya kuinunua huanzia kwenye rangi, akaja kwenye kutu, akamalizia kwa kusikiliza injini. Mimi namsihi aanzie kwenye kiti cha nyuma. Akikalie kwanza ajue springi zimelegea kiasi gani, kisha akiinue akitoe mahali pake. Chini yake, upande mmoja wa sakafu, ataikuta betri. Ikiwa imefunikwa kwa kifuniko kilichokaa imara na kufungwa kwa mkanda, basi gari hilo limepita mikononi mwa mtu makini. Ikiwa iko wazi, vichwa vyake vya risasi vimetazama juu na springi za kiti zinaning'inia sentimita chache tu kutoka hapo, basi bei yoyote mliyoafikiana isubiri.

Nimeichagua Beetle kwa makusudi katika sura hii ya vichwa vya betri. Hakuna gari la kale linaloonyesha hatari hiyo waziwazi kuliko hili, na ni gari ambalo huku kwetu lina historia ndefu. Volkswagen ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962, na miaka hiyo mbio zilipita katika barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Duniani kote zilitengenezwa Beetle 21,529,464, ya mwisho ikitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Nyingi bado zinatembea. Na zote, ziwe za volti 6 au za volti 12, zimebeba betri palepale: ndani ya gari, chini ya abiria.

Waliolisanifu hawakufanya hivyo kwa uzembe. Injini na stata viko nyuma, tangi la petroli na gurudumu la akiba viko mbele. Betri ikiwekwa chini ya kiti cha nyuma, waya mnene unaokwenda kwenye stata unakuwa mfupi, na katika mfumo wa volti 6 ufupi huo ni faida kubwa, kwa kuwa volti zikipungua nusu, mkondo unaohitajika kufanya kazi ileile unakuwa maradufu, na kila mita ya waya inakula sehemu yake. Betri pia inakingwa na mvua na matope. Kiwanda kilijua kwamba juu yake kutakuwa na chuma, na ndiyo maana kiliweka kifuniko. Hesabu yote ya usalama wa mpangilio huo imesimama juu ya kifuniko hicho, na hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea.

Kinapotea hivi. Betri inakufa. Fundi anatoa kiti, anafungua mkanda, anaweka kifuniko kando ya ukuta wa gereji. Betri mpya inaingia, lakini ni ndefu kuliko ile ya awali, kifuniko hakikai. Mwenye gari ana haraka. "Mzee, hii haina shida, kiti kitaifunika," anaambiwa. Kiti kinarudishwa, gari linawaka, kila mtu anafurahi, na kifuniko kinabaki kando ya ukuta mpaka siku ya kufagia.

Sasa tutazame kinachotokea pale chini. Kiti cha nyuma cha Beetle kina fremu ya chuma yenye springi, na fremu hiyo imekaa juu ya bodi ya gari. Bodi nayo imeunganishwa na kichwa hasi cha betri. Kwa hiyo kiti kizima, kwa upande wa umeme, tayari ni hasi. Ili betri ipige shoti haihitajiki chuma kigusane na vichwa vyote viwili. Inatosha springi moja iguse kile chanya. Mtu mmoja mzito akikaa upande ule, au gari likiingia kwenye shimo likiwa na watu watatu nyuma, springi zinashuka na mzunguko unafungwa.

Watu wengi hudhani volti 12 ni umeme mdogo usioweza kudhuru. Ni kweli kwamba ukishika vichwa vyote viwili kwa mikono mikavu hutasikia chochote, kwa sababu ngozi ina ukinzani mkubwa. Waya wa chuma hauna ukinzani huo. Chukua mfano wa waya wa springi wenye unene wa milimita 3 na urefu wa mita moja: ukinzani wake ni kama sehemu mbili za mia za omu. Betri ya volti 12 ikifungwa kupitia waya huo inaweza kusukuma mamia ya ampea, hata ukihesabu ukinzani wa betri yenyewe, na joto linalotoka hufikia kilowati kadhaa, kama birika mbili za umeme zilizowashwa kwa pamoja, lakini lote limebanwa ndani ya waya mmoja mwembamba. Waya unakuwa mwekundu katika muda mfupi sana.

Na waya huo umezungukwa na nini? Viti vya Beetle vya asili vilijazwa nyuzi za makumbi na singa zilizogandishwa kwa mpira. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa makumbi yanavyotunza moto. Yanafukuta polepole, yanatoa moshi mwingi, na ukidhani yamezimika yanaibuka upande wa pili. Juu yake kuna gunia au kitambaa kikavu cha miaka 50, kisha plastiki ya kiti. Kila kitu kinachohitajika kimepangwa kwa tabaka.

Lipo jambo jingine linaloniumiza zaidi ninapolifikiria. Beetle ina milango miwili tu. Wanaokaa nyuma, juu ya betri, hawawezi kutoka mpaka viti vya mbele vilazwe, na mara nyingi wanaokaa nyuma ni watoto. Hiyo ndiyo sababu siwezi kulizungumzia suala hili kama pambo la wapenda magari.

Dereva akisikia harufu ya kuungua, jambo la kwanza analofanya ni kuzima swichi. Ni vizuri, lakini haisaidii hapa. Waya mnene unaotoka betri kwenda stata haukuwekewa fyuzi, si katika Beetle tu bali karibu katika magari yote ya zama hizo. Fyuzi zilizopo zinalinda taa, honi na waipa. Shoti iliyo juu ya kichwa cha betri iko kabla ya fyuzi yoyote na kabla ya swichi. Ufunguo unaweza kuwa mfukoni mwako na gari limeegeshwa, na springi ikaendelea kupashwa moto mpaka betri iishe, au waya ukatike, au gari liishe.

Nirudi kwenye kimo cha betri, kwa kuwa hapo ndipo kosa hasa linapoanzia huku kwetu. Betri iliyokusudiwa kwa Beetle ya volti 12 ni fupi, kimo chake ni kama milimita 175. Katika betri za mtindo huo wa Ulaya, vichwa vimezamishwa kwenye pembe za mfuniko ili visizidi usawa wa juu. Maduka yetu, kwa sababu barabara zimejaa magari ya Kijapani, yamejaa betri za vipimo vya Kijapani: NS40, NS60, NS70, N50 na kuendelea. Ni betri nzuri katika magari yake. Lakini NS60 au NS70, ukipima hadi ncha ya kichwa, ina kimo cha kama milimita 225, na vichwa vyake vimesimama juu ya mfuniko bila kuzamishwa. Tofauti ni sentimita 5. Sentimita hizo 5 ndizo zilizokuwa nafasi ya usalama kati ya risasi na springi.

Kwa hiyo usinunue betri ya gari la kale kwa kutaja volti na ampea peke yake. Nenda dukani na rula. Pima kwanza nafasi iliyopo: weka donge la udongo wa mfinyanzi, au karatasi iliyokunjwakunjwa, juu ya betri iliyopo baada ya kuifunika kwa ubao, rudisha kiti, mkalishe mtu mzima aliyeshiba, kisha toa kiti uone donge limebanwa kiasi gani. Ukitaka betri ikae kwa amani, baada ya kubanwa huko pabaki angalau sentimita 2 juu ya kifuniko. Muuzaji akikwambia kwamba ya kimo kifupi haipo, ngoja au agiza. Betri fupi za mtindo wa Ulaya zinapatikana kwa wanaouza vipuri vya magari ya Kijerumani.

Unene wa vichwa nao utazame. Vichwa vya Ulaya vina kipenyo cha karibu milimita 19.5 kwa chanya na 17.9 kwa hasi, tofauti iliyowekwa ili usiweze kukosea kirahisi. Baadhi ya betri za Kijapani zina vichwa vyembamba zaidi, karibu milimita 14.7 na 13. Klampu ya Beetle ikiwekwa juu ya kichwa chembamba inacheza. Hapo ndipo utakuta mtu amepachika msumari au kipande cha bati ili klampu ishike. Usikubali. Msumari ni chuma kinachochomoza juu zaidi, na mguso wake ni mbovu. Zipo pete za risasi zinazovishwa kichwa chembamba kikawa kinene, nazo hazigharimu kitu cha kutisha.

Mguso mbovu una hatari yake hata bila springi. Stata ya gari dogo ikianza kuzungusha injini inaweza kuvuta ampea 150. Ikiwa ukinzani wa sehemu mbili za mia za omu umejificha kati ya klampu na kichwa, unapoteza volti 3 palepale, na joto la wati 450 linatoka katika eneo dogo kuliko sarafu. Ndiyo maana gari linakohoa asubuhi huku betri ikiwa nzima, na klampu ukiigusa inaunguza. Ukinzani huo huletwa na ule ukoko mweupe au wa kijani-kibuluu unaoota kwenye vichwa. Mweupe ni chumvi ya risasi, na wa kibuluu ni chumvi ya shaba iliyoliwa na tindikali inayopanda kwa ukungu kutoka ndani ya betri au kuvuja kando ya kichwa.

Kuusafisha si kazi ngumu. Koroga baikaboneti ya soda, ile inayotiwa kwenye maandazi, katika maji ya uvuguvugu, umwagie taratibu huku vizibo vya betri vimefungwa kabisa, kwa sababu tone likiingia ndani linaidhoofisha tindikali inayofanya kazi. Litachemka povu. Likitulia, suuza, futa, kausha, kwangua kichwa na ndani ya klampu hadi risasi ing'ae, kaza, na baada ya kukaza ndipo upake mafuta ya mgando au grisi kwa nje. Wapo wanaopaka kabla ya kukaza. Napendelea baada, ili chuma kikutane na chuma kwanza, na grisi ibaki na kazi yake moja ya kufukuza hewa na unyevu. Chini ya klampu unaweza kuweka pete ya sufi iliyolowekwa dawa ya kuzuia ukoko. Grisi haizuii shoti, iwe wazi. Springi inaipenya kama haipo.

Sasa kifuniko chenyewe. Ukipata cha asili au kilichoigizwa kwa vipimo vya asili, kinunue, mjadala umekwisha. Usipopata, kitengeneze, maana kinachotakiwa ni sifa chache tu: kisipitishe umeme, kisiliwe na tindikali, kisivunjike kikikaliwa, na kisizibe hewa. Plastiki nene ya madumu ya mafuta ya kula ina sifa hizo tatu za kwanza ikiwa ni nene vya kutosha. Kata upande ulionyooka, ukunje kingo zishuke pande za betri, toboa matundu ubavuni, na fungia kwa mkanda usio wa chuma. Ubao mwembamba wa plaiwudi uliopakwa varnishi pande zote nao unafaa, hasa ukiwekewa mkeka wa mpira juu yake. Naomba usitumie kadibodi. Inafaa siku ya kwanza, kisha inanyonya ukungu wa tindikali, inalowa, inaoza, na siku inapohitajika haipo.

Vipi kipande cha tyubu ya gurudumu kilichofungwa juu ya kichwa? Ni desturi iliyoenea, na barabarani usiku ni bora kuliko kuacha wazi. Lakini tyubu ikiguswa na oili inavimba na kulegea, na springi yenye ncha kali inaitoboa polepole kila gari linaporuka. Tepu nyeusi ya umeme ina kasoro nyingine: katika joto la Mombasa au Dar es Salaam gundi yake inayeyuka, tepu inaachia na kujikunja, na unabaki na utelezi mweusi juu ya risasi. Vipo vikofia vya mpira laini vilivyotengenezwa kwa ajili ya vichwa vya betri, chekundu kwa chanya na cheusi kwa hasi. Weka hivyo chini, kisha kifuniko juu yake. Kinga mbili si woga. Springi inayotoboa kimoja itakutana na cha pili, na wewe utapata nafasi ya kugundua alama kwenye kifuniko kabla haijafika kwenye risasi.

Baada ya kufunika, ifunge betri yenyewe. Barabara yenye makorongo huhamisha kitu chochote kisichobanwa, na betri iliyohama sentimita 3 inaweza kuwa imetoka kabisa chini ya kinga yake. Kibano cha chini kinachoshika ukingo wa betri ndicho kizuri kwa Beetle. Ukiona mtu ameibana kwa kipande cha nondo au bati la chuma lililopita juu, katikati ya vichwa viwili, mwambie alitoe. Nati yake moja ikilegea, kibano chenyewe ndicho kitakachopiga shoti.

Magari mengine ya kale yana maficho yake. Mini ya kwanza iliwekewa betri ndani ya buti, karibu na tangi la petroli, mahali ambapo watu hurushia spana, jeki na minyororo. MGB hadi 1974 ilikuwa na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, chini ya paneli, na kwa kuwa kuzifikia ni usumbufu, hukaa miaka bila kutazamwa. Katika Land Rover za Series, boneti ya aluminiamu mara nyingi hubeba gurudumu la akiba mgongoni, na uzito huo huisukuma chini kila gari likiruka, hivyo betri ndefu kuliko iliyokusudiwa inaikaribia boneti siku hadi siku. Katika zile zenye betri chini ya kiti cha mbele, sanduku lake hugeuzwa stoo ya vyuma. Dawa ni ileile: kimo sahihi, vikofia, kifuniko, kibano, na vyuma vihamishwe.

Kwa magari ya Kiingereza kuna onyo la peke yake. Mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa kichwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. MGB ilikuwa hivyo hadi 1967. Katika gari kama hilo kichwa cha hatari ni hasi, kwa sababu bodi nzima ni chanya. Fundi kijana aliyekulia kwenye Toyota hatalitarajia hilo. Chora alama kwa rangi kwenye kifuniko, kubwa na iliyo wazi, ili asibahatishe.

Hapo tunapata kanuni ya kufungua na kufunga betri ambayo haijali gari ni la nchi gani: kichwa kilichounganishwa na bodi ndicho kinachofunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Sababu yake ni rahisi. Ukianza na kile kingine, spana yako iko juu ya kichwa chenye umeme na mkono wake unaweza kugusa bodi popote, shoti ikapita kwenye spana uliyoishika. Ukianza na cha bodi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea, na ukishakiachanisha, bodi haina tena uhusiano na betri. Vua pete, saa ya chuma na bangili kabla hujainama. Pete ya dhahabu ikikaa kati ya spana na bodi inakuwa sehemu ya waya, na inaunguza kidole pande zote kabla hujaweza kuivua.

Gesi nayo inahitaji heshima. Betri ya tindikali inapochajiwa kupita kiasi, maji yake yanagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja, na inaendelea kuwa hatari mpaka asilimia 75. Katika Beetle gesi hiyo inatokea ndani ya chumba cha abiria. Kwa hiyo ukichaji, toa kiti nje, fungua milango yote, zima chaja kabla ya kuchomoa klampu zake. Ukibusti kutoka gari jingine, mguso wa mwisho ufanyie kwenye chuma cha bodi mbali na betri, maana huo ndio unaotoa cheche. Rekebisha pia kidhibiti cha dinamo ikiwa betri inakula maji kila wiki. Betri zilizozibwa zenye mkeka wa nyuzi za kioo hutoa gesi kidogo mno zikichajiwa sawasawa, nami nazipendekeza kwa gari lenye betri ndani, mwenye uwezo azinunue. Asidhani tu kwamba zimeondoa haja ya kifuniko. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo zaidi, hivyo shoti yake ni kali zaidi.

Nyongeza moja nataka kila mwenye gari la kale aifikirie: swichi kuu ya betri. Ni kitasa kinachofungwa kwenye waya wa bodi, unakizungusha ukiegesha, na betri inaachana na gari lote. Wanaoshindana wanajua thamani yake. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwa magari ya mashindano zinataka betri ifungwe imara na ifunikwe ili isipige shoti wala kuvuja, na zinataka pia swichi inayokata umeme wote. Gari la kushindana hukaguliwa kabla ya kuanza mbio. La kwako hakuna atakayelikagua isipokuwa wewe.

Na moshi ukionekana? Simama, zima injini, laza viti vya mbele, toa watu wote wa nyuma kwanza, kisha ndipo ufikirie gari. Ikiwa una swichi kuu, izungushe. Ikiwa huna na hakuna miali, vuta kiti kitoke juu ya betri, ukishika kitambaa na si fremu, na ukipeleke mbali na gari, kwa kuwa makumbi yataendelea kufukuta. Maji yakimwagwa wakati springi bado imegusa risasi hayamalizi kitu, chanzo cha joto kiko palepale. Miali ikishatoka, tumia mtungi wa unga mkavu ukiwa umesimama nje. Mtungi huo usiuweke mbele chini ya kifuniko cha buti, jirani na tangi la petroli. Uweke mahali ambapo mkono wa dereva unaufikia akiwa ameketi.

Kuna watu wawili ninaotaka kuwaomba kitu. Fundi, unapobadilisha betri ya gari la mtu, kifuniko ulichokitoa kirudishe, na kama hakikai, mwambie mwenye gari kwa maneno yaliyo wazi kwamba betri aliyoleta si ya gari hilo. Nawe unayeuza gari lako la kale, chukua brashi uandike upande wa ndani wa kifuniko: volti ngapi, kichwa kipi kimefungwa kwenye bodi, na kwamba kimo cha betri kisizidi milimita 175, au kipimo chochote ulichokipata kwa rula katika gari lako. Mnunuzi hatakuwa na namba yako ya simu miaka 10 baadaye, lakini kifuniko atakuwa nacho.